Kuhusu zile gololi 60

Mwanangu,

Swali lako la kwenye simu nilikujibu juujuu, likanikosesha raha. Ulisema: "Mama, kama miaka yote hii mnaona watu wanachagua kinyume cha hesabu, si muwafundishe hesabu yaishe?"

Chukua mfuko wenye gololi 90. Nyekundu ni 30. Zile 60 ni nyeusi na za manjano, ila mgawanyo wake huujui. Huenda nyeusi hamna hata moja. Unatoa gololi moja bila kuchungulia. Ungependa ulipwe ikitoka nyekundu, au ikitoka nyeusi? Wengi husema nyekundu. Haya, mfuko uleule, pesa ileile: ulipwe ikitoka nyekundu au manjano, au ikitoka nyeusi au manjano? Sasa wengi wanahama, wanashika nyeusi na manjano.

Kwanza wamechagua kana kwamba nyeusi ni chache kuliko nyekundu, kisha kana kwamba ni nyingi. Zigawe zile 60 utakavyo, hayo mawili hayakai pamoja. Kwa kanuni za kuchagua usipokuwa na uhakika, alizoziandika mwanatakwimu Leonard Savage mwaka 1954, ni kosa. Mchumi Daniel Ellsberg alipoutoa mfano huu mwaka 1961 alieleza kwamba wapo wanaoonyeshwa mgongano na bado hawabanduki. Nami nimewaona darasani. Wanafuata hesabu ubaoni mstari kwa mstari, wanaitikia kwa kichwa, halafu ukiwauliza tena mkono unarudi palepale.

Siwezi kuwaita wajinga hao. Wanatenganisha bahati yenye kipimo na giza tupu, na hesabu ya Savage haikuliachia giza nafasi. Basi ikabidi hesabu ndiyo ifundishwe. Mwaka 1989 wanauchumi Itzhak Gilboa na David Schmeidler walionyesha njia: mtu abebe makadirio mengi ya mgawanyo asioujua, kila chaguo alipime kwa lililo baya kuliko yote. Nyekundu ina 30 za uhakika, nyeusi huenda haina kitu. Nyeusi na manjano ni 60 kamili, nyekundu na manjano huenda zikabaki 30. Mgongano umekwisha. Nilipoisoma kazi hiyo mara ya kwanza niliiweka chini nikatembea chumbani, kwa furaha.

Ndiyo maana ulipoikataa kazi yenye mshahara mkubwa sikukwambia umekosea. Nilikuuliza ni kipi hasa usichokijua kuhusu kazi ile. Hukunijibu, na bado nasubiri.

Mama yako