Kunguru anahesabika, kuku wa jirani hapana

Mkuu umeuliza kama kwenye listi yako ya ndege wa porini uliokutana nao uandike kunguru wa Dar, tausi wa Ikulu na yule dudumizi uliyemsikia tu bila kumuona. Kunguru andika, tena bila aibu. Kweli aliletwa kutoka India hadi Zanzibar miaka ya 1890 eti asafishe takataka, lakini sahivi hana mwenyewe, anazaliana mwenyewe na chapati yako anaiba mwenyewe, sasa huyo kama sio ndege wa porini ni nani?

Tausi futa. Yule analishwa, ana mlinzi, maisha yake yamenyooka kuliko yangu na yako.

Dudumizi wengi tunamhesabu kwa sauti, hata eBird, ule mtandao wa kurekodi ndege, wanakubali, ila uwe na uhakika maana mimi niliwahi kuinama kwenye kichaka dakika arobaini namvizia, kumbe ni ringtoni ya bodaboda kajilaza upande wa pili 😂 Siku nimemuona kweli alikuwa kwenye uzio wa choo, sina kamera wala suruali ya maana.

Halafu vile vidogo vya kahawia vya kwenye nyasi usivipe majina kwa kubahatisha, vinafanana vyote, we andika "kahawia" na tarehe uende zako. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 bana, hutakosa wengine.

Na shemeji mwambie mapema kwanini unashika darubini saa kumi na mbili asubuhi ukiangalia dirisha la jirani.