Vali au Transista? Majibu kwa Wapiga Gitaa

Napiga gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa Morogoro. Wenzangu wanasema amplifaya ya vali ina sauti nzuri kuliko ya transista kwa vyovyote vile. Ni kweli?

Si kwa vyovyote vile, ingawa wenzako hawakusema jambo lisilo na msingi. Vali ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa; ndani yake kipande cha chuma kiitwacho kathodi hupashwa moto hadi kitoe elektroni, yaani chembe za umeme, nazo husafiri kuelekea kwenye bamba liitwalo anodi huku gridi, yaani wavu wa waya ulio katikati, ikizizuia au kuziachia kwa kufuata mawimbi yanayotoka kwenye gitaa. Transista, iliyovumbuliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, hufanya kazi hiyohiyo ndani ya kipande kidogo kisichohitaji kupashwa moto. Zikiendeshwa chini ya uwezo wake, amplifaya za aina zote mbili hukuza sauti vizuri, na tofauti unayoisikia hutokana zaidi na spika na saketi za kurekebisha besi na trebo.

Mambo hubadilika sauti inapofika ukingoni mwa uwezo. Amplifaya ya vali hulemewa kidogokidogo: vilele vya mawimbi hubanwa kwanza kabla ya kukatwa, hivyo ukigusa nyuzi taratibu sauti hubaki safi, ukizipiga kwa nguvu huanza kukwaruza, na mpigaji huhisi kwamba vidole vyake ndivyo vinavyoamua. Saketi nyingi za transista hubaki imara hadi mwisho wa uwezo wake, kisha hukata vilele ghafla, na mkato huo huleta ukali unaochosha sikio. Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Amplifaya ya vali hupeleka sauti kwenye spika kupitia transfoma, na kwa kawaida haiishiki spika kwa nguvu kama ifanyavyo amplifaya ya transista. Spika huachiwa ivume kwa tabia yake yenyewe, hasa kwenye besi, na hapo ndipo unapotoka ule unene ambao watu huusifu.

Sasa jiulize unapiga nini. Magitaa ya dansi, solo na rithim yakijibizana, yanataka kila noti isikike peke yake, na mpigaji wake mara chache hufika kwenye ukingo huo. Kwa kazi hiyo sioni sababu ya kulipa bei ya vali. Hata B.B. King, mpiga gitaa wa blues wa Marekani, ambaye sauti ya gitaa lake haina mtu asiyeiheshimu, alitumia jukwaani kwa miaka mingi amplifaya ya Lab Series L5, ambayo ni ya transista.

Niko Kisumu na napiga benga. Nataka sauti safi yenye kung'aa, isiyokwaruza hata nikiongeza sauti. Ninunue nini?

Tafuta amplifaya ya transista yenye nguvu ya kutosha na spika za inchi 12. Mfano bora wa sauti hiyo ni Roland JC-120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975: ina wati 120 na spika mbili, na usafi wake hauvunjiki kirahisi. Kwa upande wa vali, Fender Twin Reverb ya wati 85 hukupa usafi unaokaribiana na huo, ila ukiwa na joto zaidi. Zote mbili ni nzito kuzibeba, lakini ile ya vali itakudai pia vali mpya kila zinapochakaa.

Je, ni kweli kwamba wati 15 za vali ni sawa na wati 50 za transista?

Wati ni wati. Imani hiyo ilitokana na ukweli kwamba amplifaya ya vali inaweza kusukumwa kupita uwezo wake wa sauti safi na bado ikapendeza, wakati ile ya transista hulazimika kubaki chini ya uwezo wake. Kumbuka pia kwamba kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na sikio huhitaji takribani mara kumi ya wati ili lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu. Kwa hiyo kati ya wati 50 na wati 100 tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Amplifaya yangu ya transista ina sauti kali na kavu. Nifikirie kuiuza ninunue ya vali?

Kabla ya kuiuza, badilisha spika. Mfano wa nguvu ya spika ni huu: mwaka 1962 duka la Jim Marshall jijini London lilitengeneza amplifaya kwa kufuata kwa karibu saketi ya Fender Bassman, amplifaya ya Marekani. Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 ndani ya kasha lililo wazi nyuma. Marshall akaja kutumia spika nne za inchi 12 za Celestion ndani ya kasha lililozibwa. Saketi zilikuwa karibu sawa, lakini sauti zilitofautiana kiasi cha kuzaa muziki tofauti, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa spika na kasha. Ukinunua spika, hakikisha omu zake, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, hazipungui kiwango kilichoandikwa nyuma ya amplifaya, kwani omu chache mno huunguza transista.

Ndugu yangu aliyeko Marekani ananiletea Mombasa amplifaya ya vali aliyoinunua huko. Nitaweza kuitumia?

Usiichomeke moja kwa moja. Umeme wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde; wa Kenya ni volti 240 na mizunguko 50. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, tena yenye uwezo mkubwa, kwa sababu vali hula umeme mwingi kwa kupashwa moto tu: amplifaya ya wati 40 inaweza kuvuta zaidi ya wati 100 kutoka ukutani. Transfoma hiyo haibadilishi mizunguko, kwa hiyo angalia nyuma ya amplifaya kama pameandikwa 50/60 Hz. Ikiwa imetengenezwa kwa mizunguko 60 peke yake, transfoma yake ya ndani itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa.

Lililo zito zaidi ni waya wa ardhini. Transfoma nyingi za bei nafuu hazina njia ya ardhini, na nyuzi za gitaa huwa zimeunganishwa na chuma cha amplifaya kupitia waya wa gitaa. Amplifaya ikivuja umeme, mwimbaji anayeshika nyuzi huku midomo yake ikigusa kipaza sauti huwa ndiye njia ya umeme huo kwenda ardhini, na watu wamewahi kufa hivyo. Nakusihi ununue transfoma yenye pini ya ardhini, na fundi aipime kabla ya onyesho la kwanza.

Nataka mkwaruzo wa vali, lakini napiga kanisani Arusha ambako sauti kubwa haitakiwi. Nifanyeje?

Tumia pedali ya mkwaruzo mbele ya amplifaya safi, au amplifaya ya kidijitali inayoiga vali. Za siku hizi zinaiga vizuri sana. Amplifaya ya vali ya wati 30 haitakwaruza kwa utamu wake kabla haijawafunika waimbaji wote.

Vali zikichakaa, naweza kuzibadilisha mwenyewe?

Zile ndogo za mwanzo wa saketi, aina ya 12AX7 ambayo pia huitwa ECC83, ndiyo, baada ya kuzima amplifaya na kuziacha zipoe. Ili kuitambua iliyoharibika, gonga kila moja kwa upole kwa kalamu ya risasi amplifaya ikiwa imewashwa. Inayolia kama kengele kwenye spika ndiyo ya kuondoa. Vali kubwa za nguvu, kama EL34 na 6L6, katika amplifaya nyingi huhitaji kupimwa na kurekebishiwa mkondo zinapobadilishwa, na kazi hiyo mwachie fundi anayezijua, kwani kapasita za ndani, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, huweza kushikilia volti zaidi ya 400 hata baada ya amplifaya kuchomolewa. Naye fundi asiiwashe kwa majaribio bila spika kuunganishwa, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na bei yake hupita ya vali zote pamoja.