GARO (2005): jibu kwa aliyeuliza kama inamfaa mtu mzima aliyekulia kwenye Power Rangers

Ndugu mwenye uzi, umeuliza mambo mawili: kama GARO, ile tamthilia ya Kijapani ya mwaka 2005, ina chochote cha kumfaa mtu mzima aliyekulia kwenye Power Rangers, na kama unaweza kuitazama pamoja na kijana wako wa miaka minane. Nimeitazama yote mara mbili, mara ya kwanza kwa pupa na mara ya pili kwa utulivu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, nikianza na swali la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Usiitazame na mtoto.

Nasema hivyo kwa sababu niliumbuka. Muuza diski wa mtaani kwetu aliniapia kwamba ni ya watoto, na jalada lenyewe lilionyesha shujaa aliyevaa deraya ya dhahabu yenye kichwa cha mbwamwitu, jambo ambalo lilinitosha kuamini. Nikaketi na mpwa wangu sebuleni, tukiwa na bakuli la bisi, na kabla sehemu ya kwanza haijafika mwisho nilikuwa nimeshamtuma maji ya kunywa mara mbili bila kiu yoyote, ilhali dada yangu akiwa mlangoni ameshika kiuno. Mazimwi ya humu huwala watu, na huwala mbele ya kamera. Tena kuna miili ya wanawake inayoonyeshwa kwa namna isiyofaa kwa watoto. Kosa halikuwa la tamthilia. Ilirushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 2005 hadi Machi 2006, usiku wa manane, ikiwa imekusudiwa watu wazima tangu mwanzo, ingawa imetengenezwa na watu waliopata ujuzi wao katika kazi za watoto. Mwasisi wake, Keita Amemiya, ndiye aliyekuwa mwongozaji mkuu wa Jetman ya mwaka 1991, mojawapo ya tamthilia za vikosi vya rangi ambazo ukoo wake ndio uliozaa Power Rangers, na Makoto Yokoyama aliyesimamia mapigano ya GARO aliwahi kufanya kazi kwenye Power Rangers zenyewe kule Marekani. Kwa hiyo utakapohisi kwamba kuna kitu unakijua katika jinsi mtu anavyoruka na kutua, hujakosea.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Kisa kwa ufupi ni hiki: mazimwi yaitwayo Horror hutoka ulimwengu wa giza na kuingia kwetu kupitia vitu vilivyojaa uovu au majonzi ya binadamu, kama vile picha, saa au silaha ya kale, kisha humvaa mtu ambaye moyo wake umeshaliwa na tamaa. Wanaoyawinda huitwa Mashujaa wa Makai (Makai ndilo jina la huo ulimwengu wa giza), na mwenye cheo cha juu kuliko wote ni yule wa deraya ya dhahabu, Garo, anayevaliwa na kijana aitwaye Kouga Saejima, aliyeirithi kazi hiyo kutoka kwa baba yake, Taiga. Kouga huishi katika nyumba kubwa na mtumishi mzee, Gonza, huvaa koti refu jeupe, haongei sana, na adabu yake kwa wageni ni ndogo mno.

Kinachoitenga GARO na nyingine za aina yake ni kwamba kila kitu ndani yake kina gharama, na gharama hiyo hutajwa kwa hesabu. Deraya ya Kouga inaweza kuvaliwa kwa sekunde 99.9 tu, akizidisha, chuma huanza kumla yeye mwenyewe na kumgeuza mnyama asiye na akili. Utasema kwamba Ultraman, yule shujaa jitu wa tamthilia za Kijapani, alikuwa na dakika zake tatu za kupigana tangu mwaka 1966, na utakuwa umesema kweli, lakini Ultraman akiishiwa muda huishiwa nguvu, ilhali Kouga huwa hatarini kugeuka kitu kilekile anachokiwinda, na hatari hiyo haikuwekwa kama pambo tu, kwa maana kuna sehemu mstari huo unavukwa na tunaonyeshwa kinachofuata. Upanga nao ni wa chuma kinachobadilisha uzito kulingana na moyo wa anayeushika, hivyo mtu mwenye shaka hawezi hata kuunyanyua. Na pete anayovaa Kouga, iitwayo Zaruba, ambayo ina sura ya fuvu, husema, hunusa mazimwi, na hutoa ushauri wa kejeli, hailipwi fedha: kila mwezi hula siku moja ya maisha ya mwenyewe.

Hapo naomba niongeze neno la pembeni. Mtazamaji wa Ulaya huenda akahitaji kuelezwa jambo hilo la pete, lakini sisi tuliokua tukisikia habari za pete zenye majini, na watu waliotajirika kisha wakadaiwa kafara, tunalielewa kabla halijamaliza kusemwa. Nilipolifikia nilicheka peke yangu.

Muda huo mfupi wa deraya umewasaidia pia watengenezaji, na nadhani hili halisemwi vya kutosha. Kwa kuwa shujaa hawezi kukaa ndani ya dhahabu muda mrefu, sehemu kubwa ya kila pambano hupiganwa na mtu mwenyewe, akiwa na koti lake jeupe linalopepea na upanga mwembamba, dhidi ya mtu mwingine ambaye sura yake bado ni ya binadamu. Tunaiona sura ya mwigizaji, Hiroki Konishi, anapokosa pumzi. Halafu, mambo yakishafika shingoni, huinua upanga juu ya kichwa na kuchora duara hewani. Duara hilo hung'aa kama mfuniko wa mbingu uliokatwa, mwanga humshukia, na vipande vya deraya hujipanga mwilini mwake kwa kishindo cha chuma, hadi kichwa cha mbwamwitu kinapomfunika uso na kunguruma. Katika tamthilia za watoto kuvaa silaha ndiyo mwanzo wa pambano. Hapa ndiyo mwisho wake, na mara nyingi pigo lenyewe ni moja. Ukishazoea mpangilio huo, utaona kwamba mapigano mengine uliyoyapenda utotoni yalikuwa marefu kupita kiasi.

Njia ya kumtambua Horror nayo inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha umakini wa kazi hii. Kouga hana mashine yoyote. Ana kiberiti cha gesi kinachotoa mwali wa kijani, na huuwasha mbele ya macho ya mtu anayemshuku, wakati mwingine katikati ya mazungumzo ya kawaida kabisa, kama mtu anayempa mwenzake moto wa sigara. Akiwa binadamu, hakuna kinachotokea isipokuwa mshangao wa kuwashiwa moto usoni. Akiwa zimwi, maandishi ya ajabu hujitokeza ndani ya macho, na papo hapo uungwana unakwisha. Nimeyaona matukio hayo mara nyingi na bado nasubiri sekunde ile ya kimya kabla ya jibu.

Mhimili wa kisa, hata hivyo, ni Kaoru Mitsuki, mchoraji kijana anayejikimu kwa vibarua, ambaye katika sehemu ya kwanza anatapakaa damu ya Horror. Sheria ya Mashujaa inasema mtu wa namna hiyo auawe papo hapo, kwa kuwa baada ya siku 100 atakufa kwa mateso yasiyosemeka. Kouga anamwacha hai, na akiulizwa anajibu kwamba amemweka kama chambo, kwa kuwa damu hiyo huwavuta mazimwi. Kaoru mwenyewe haambiwi chochote. Tangu hapo kila mzaha kati yao, kila mara anapomlalamikia kwa ujeuri wake au anapohamia nyumbani kwake na kuvuruga utaratibu wa Gonza, unatazamwa na sisi tunaojua kwamba siku zinahesabika. Ni hila rahisi, na wameitumia vizuri. Kaoru pia ana kitabu cha picha alichoachiwa na baba yake, chenye hadithi ya shujaa wa dhahabu, ambacho ukurasa wake wa mwisho umeachwa mtupu. Kishike akilini kitabu hicho.

Anapoingia Rei Suzumura, tamthilia inapata uhai iliokuwa ikiuhitaji. Rei ni shujaa wa deraya ya fedha, Zero, anayepigana kwa panga mbili, na kinyume cha Kouga ni mcheshi, msemaji, na mpenzi wa keki, ambazo huzila kwa furaha ya mtoto. Lakini chini ya ucheshi huo kuna chuki, kwa maana mchumba wake na baba aliyemlea waliuawa na shujaa wa Makai, naye anaamini kwamba muuaji ni Garo. Mapambano kati yao wawili ndiyo kilele cha nusu ya kwanza, na Ray Fujita amemwigiza Rei kwa wepesi unaomfanya Konishi aonekane mzito zaidi kuliko alivyo. Ikiwa una saa tatu tu za kuijaribu tamthilia hii, usiikatie tamaa kabla hujamfahamu huyu.

Kuna mambo yatakayokuudhi, na ni haki yako kuyajua mapema. Picha za kompyuta za mwaka 2005 zimezeeka vibaya. Farasi wa dhahabu anayepatikana baada ya Kouga kuua Horror 100 anapendeza akiwa amesimama na anatia aibu akikimbia, na baadhi ya mazimwi yanafanana na mchezo wa video wa zamani. Sehemu kadhaa za mwanzoni zina mkondo mmoja, yaani mtu mwenye tamaa anavaliwa, anaua, anamulikwa kiberiti, anakatwa, basi, na ukizitazama nne kwa mfululizo utachoka. Mimi nilizitazama mbili kwa usiku mmoja na ikafaa. Jambo linalonisumbua zaidi ni jinsi wanawake wanavyotumiwa: wengi wapo ili waliwe, wakiwa nusu uchi, na Kaoru, ambaye ndiye mwenye kisa, mara nyingi mno hupiga kelele na kusubiri kuokolewa. Wapo watakaosema kwamba ndivyo tamthilia za usiku zilivyokuwa. Huenda, lakini sioni kwa nini tusiliseme.

Kuhusu adui mkuu, ambaye ameigizwa na Masaki Kyomoto, nitasema tu kwamba ni mtu aliyeuvuka ule mstari wa sekunde 99.9 na hakuangamia, na kwamba kwa sababu hiyo kila tone la mantiki lililowekwa sehemu za mwanzo linakuja kudaiwa sehemu za mwisho. Wale mnaotaka kuandika jina lake na uhusiano wake na baba yake Kouga hapa chini, tafadhali mfichieni mwenzetu. Tamthilia ina sehemu 25 tu, na hakuna sababu ya kumharibia.

Mwisho, kwa kuwa najua swali linalofuata litakuwa ni mpangilio. Anza na hii ya 2005 mpaka mwisho, kisha tazama kisa maalumu cha 2006 kiitwacho Byakuya no Maju, halafu filamu ya Red Requiem ya 2010, ndipo uende kwenye Makai Senki iliyoanza 2011, ambayo kwa maoni yangu ina mapigano bora kuliko zote na hadithi iliyojaa watu kupita kiasi. Ile ya 2013 ina shujaa mwingine na mji mwingine, kwa hiyo unaweza kuiweka kando bila kupoteza kitu. Hiyo ya 2014, Makai no Hana, usiiguse wala usisome maelezo yake, kwa sababu hata jina la ukoo la shujaa wake litakuambia jambo ambalo sehemu 25 za kwanza zimejitahidi kukuficha. Na katuni iliyotengenezwa na studio ya MAPPA mwaka huohuo ni kisa kinachojitegemea, nayo pia, kabla hujaniuliza, usimwekee mtoto.