Ukitaka fimbo nyepesi, anza na gramu za nchani

Vijana mnaoanza kutengeneza fimbo za kuvulia hapa Tanga, mteja akija na kusema, "Fundi, nataka fimbo nyepesi," usikimbilie kukata. Mjibu, "Nyepesi ya kuvua nini, kaka?" Anayesimama kwenye miamba ya Raskazone kutwa nzima akirusha chambo bandia cha gramu 20 shida yake ni mkono kuchoka. Anayetoka na boti ya faiba kufuata nguru na kolekole upande wa Pemba anaogopa zaidi fimbo kumvunjikia samaki akiwa amenasa. Huyo wa pili mpe nguvu, uzito atauzoea. Maneno yangu yaliyobaki ni ya yule wa kwanza.

Kabla ya yote, tafuta mizani ndogo ya kidijitali kama wanazotumia masonara. Pima ufito mtupu, yaani mwili wa fimbo kabla haujafungwa kitu, kila pete ya kupitishia mshipi, kikalio cha rili (pale gurudumu la kukunjia mshipi linapofungwa), mpini, na mwisho fimbo iliyokamilika. Bila hivyo utakuwa unakisia, na jicho linadanganya: pete nyeusi na inayong'aa zinaweza kuonekana kuwa na uzito tofauti hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa unapunguza wapi? Gramu 1 iliyokaa meta 2 kutoka mkononi, mkono unaibeba kama gramu 4 zilizokaa nusu meta. Hapo fimbo imetulia tu. Ukianza kuitikisa, kuirusha na kuisimamisha ghafla, umbali unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo gramu ile moja inasumbua sawa na gramu 16 za pale nusu meta. Ndiyo maana fimbo mbili zinaweza kulingana kwenye mizani na bado zikatofautiana mkononi. Moja ikirusha inatulia papo hapo. Nyingine ncha inaendelea kuchezacheza, mshipi unagonga pete ukitoka, na chambo kinaangukia karibu.

Hapa ndipo ninapobishana na wateja wanaotaka rangi za timu yetu ya mpira, Coastal Union, kuanzia kitako hadi ncha. Wagosi wa Kaya tunawapenda sote, lakini mapambo yao yakae karibu na mpini. Pale unaweza kusuka nyuzi unavyotaka na mkono hautajua. Theluthi ya mwisho ya ufito iache na uzi wa kushikilia pete, basi.

Wengi wakisikia habari ya wepesi wanauliza bei ya pete za titani. Mimi nawaambia waangalie kwanza gundi yao. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya na kigumishi inayopakwa juu ya uzi unaoshikilia pete, ndiyo uzito wa bure kabisa kuupunguza, na kazi nyingi za wanaoanza nazikuta zina mabonge yanayong'aa kama peremende kwenye kila pete. Uzi unahitaji kulowa na kufunikwa, hauhitaji zaidi ya hapo. Ukitazama kwa karibu kazi nzuri, bado unaona mistari ya uzi chini ya gundi, na kingo zinashuka hadi kwenye ufito bila kuweka kigongo.

Namna ya kufika hapo ni hii. Nunua sindano mbili za duka la dawa, moja ya gundi na moja ya kigumishi, usizichanganye kamwe, na upime kwa kiasi alichoandika mtengenezaji. Koroga taratibu kwa dakika mbili tatu bila kupiga mapovu. Kisha usiiache kwenye kikombe. Ikikaa kwa wingi mahali pamoja inajichemsha yenyewe na kuanza kuganda, na joto letu la Januari halikusaidii. Imwage kwenye kipande cha foili itandae: mapovu yanapanda, gundi inapoa, nawe unapata muda wa kufanya kazi. Paka safu nyembamba huku fimbo ikizunguka polepole. Baada ya dakika kama kumi simamisha mzunguko, subiri kidogo gundi ya ziada ishuke upande wa chini, iguse na brashi kavu uinyonye, halafu uzungushe tena. Tone hilo dogo unalofuta kwenye brashi ndilo uzito ambao mteja angelipia na kuulalamikia. Povu likikaidi, pitisha moto wa taa ya spiriti kwa mbali. Mshumaa unaacha masizi. Wakati wa masika unyevu unaweza kuacha utando wa mafuta mafuta juu ya gundi, kwa hiyo fungia kazi chumba kikavu.

Uzi nao una yake. Kwa fimbo ya namna hii tumia ule mwembamba, namba A, kwa sababu uzi mnene unakunywa gundi nyingi zaidi. Noa mguu wa pete, ule unaolala juu ya ufito, kwa tupa ndogo hadi ncha yake iwe bapa kama ya kisu, uzi upande juu yake bila kuacha pengo. Pengo likibaki litajazwa na gundi tu. Anza kufunga milimita tatu nne kabla ya mguu. Kwenda mbali zaidi ni urembo.

Tukija kwenye pete zenyewe, titani ina uzito wa gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, stenlesi inakaribia 8. Usitegemee hata hivyo pete nzima ishuke kwa kiwango hicho, maana duara la seramiki lililo ndani halibadiliki kwa kubadilisha fremu. Faida nyingine ya titani, na kwetu pwani naiona kubwa kuliko wepesi, ni kwamba chumvi haiiozeshi. Mfuko ukiruhusu pete chache tu, ziweke nchani na uache stenlesi karibu na rili. Asiyeweza hata hizo achague pete ndogo za mguu mmoja kwa nusu ya mbele: mguu mmoja ni uzi nusu na gundi nusu. Ila pima udogo kwa fundo. Chukua mshipi wa kusuka na kipande cha nailoni nene ambacho mteja anafunga mbele, funga fundo lake lilelile, livute kwenye pete ya ncha. Likikwama, pete hiyo si yake.

Mpini sina mengi ya kusema. Koki, ile ya vizibo vya chupa, na povu la EVA, lile laini kama la soli za ndala, vyote ni vyepesi, mti wa mninga ni mzuri wa kutazama. Ukiukata sana mpini kwa nyuma, fimbo inaanza kuinamia mbele na mteja atakuambia umeiongezea uzito, hata kama mizani inasema umepunguza. Funga rili yake halisi kabla ya kukata, weka kidole mbele ya kikalio uone inalalia wapi.

Kupunguza idadi ya pete ndiyo njia ninayoikataa. Kabla ya kufunga uzi wowote, zishike pete kwa utepe, pitisha mshipi, fungia ncha ya mshipi kwenye ndoo ya maji na uinue mpaka ufito ukunjike sawasawa. Tazama ubavuni. Mshipi unatakiwa kufuata mkunjo wa ufito. Ukiona umevunja kona kali kwenye pete moja, au kwa rili inayokaa juu ya fimbo umegusa ufito katikati ya pete mbili, sogeza pete au ongeza nyingine, na gramu yake usiionee uchungu.