Dohani Yako na Ifuke Moshi Siku Nyingi

Wiki hii mmetuuliza wasomaji ni msemo gani wa watu wa mbali uliotuingia moyoni, na tuliuelewaje. Wangu ni wa Waskoti: "Lang may yer lum reek", yaani, dohani ya nyumba yako na ifuke moshi siku nyingi. Ninaishi Dundee, mashariki mwa Uskoti, na kwa miaka mitatu ya mwanzo nilidhani ni maneno ya kuandikwa kwenye kadi tu, mpaka usiku ule nilipoombwa kuyapeleka mwenyewe mlangoni kwa mtu.

Msemo huu una wakati wake, nao ni Hogmanay, jina ambalo Waskoti wameupa mkesha wa mwaka mpya. Mgeni hushangaa kuona wanauthamini usiku huo kuliko Krismasi, lakini jambo hilo lina historia yake: baada ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, viongozi wa kanisa lao waliiona Krismasi kuwa ni masalia ya Ukatoliki, na mwaka 1640 Bunge la Uskoti likafuta mapumziko yake. Haikuwa sikukuu ya umma hadi mwaka 1958, kwa hiyo wapo wazee walio hai wanaokumbuka baba zao wakienda kazini tarehe 25 Desemba kama siku nyingine yoyote. Shangwe zote za majira ya baridi zikahamia kwenye mwaka mpya, na hata leo tarehe 2 Januari ni siku ya mapumziko huku.

Kabla ya saa sita usiku nyumba husafishwa, majivu ya mwaka unaokwisha hutolewa mekoni, na mwenye deni hujitahidi kulilipa. Kisha husubiriwa "mguu wa kwanza", yaani mtu wa kwanza kuvuka kizingiti mwaka ukishaingia. Sisi tunaojua mguu wa heri na mguu wa kisirani hatuhitaji maelezo marefu. Kwa Waskoti, mguu wa heri ni wa mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi, na sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba zama za Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia walioshambulia kisiwa cha Iona, magharibi mwa Uskoti, mwaka 795, mwenye nywele za dhahabu aliyetokea mlangoni usiku hakuwa amekuja kwa wema. Mimi nalichukua hilo kama simulizi ya wazee, si kama ushahidi.

Ndipo jirani yetu wa chini, mama mzee mjane, alipopanda ngazi siku moja ya Desemba na kuniomba niwe mguu wake wa kwanza, kwa kuwa urefu ninao na nywele zangu hazina shaka. Alinisisitizia jambo moja tu: nisije mikono mitupu. Desturi inataka makaa ya mawe, chumvi, biskuti za siagi au keki nyeusi ya zabibu kavu, pamoja na wiski. Na hapa Dundee watu walikuwa wakipeleka hata samaki wa heringi aliyevishwa nguo za karatasi za rangi. Nilisimama nje ya mlango wake, mke wangu nyuma yangu (mwanamke hatangulii), hadi kengele zilipolia, nikabisha. Alikipokea kile kipande cha makaa kwa viganja vyote viwili, kama tunavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa, asijali vumbi jeusi lililobaki vidoleni, akakiweka juu ya meko yaliyozibwa miaka mingi iliyopita, kwa kuwa nyumba sasa hupashwa joto kwa gesi. Nikatamka msemo wangu. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba mumewe alikuwa akiutamka vizuri zaidi, akanishika mkono.

Hapo ndipo nilipouelewa. Desemba jua huzama huku kabla ya saa kumi alasiri, na katika nchi ya baridi namna hiyo, moshi juu ya paa ulikuwa habari kwa kijiji kizima: aliyemo ndani yu hai, ana kuni au makaa, chakula kiko motoni. Dohani isiyofuka moshi ilikuwa sababu ya jirani kuvaa koti na kwenda kubisha hodi. Wanaoufasiri msemo huu kwa "maisha marefu" hawakosei sana, lakini wanauzima moto wake, kwa sababu anayeombewa hapa haombewi miaka mitupu, bali nyumba yenye joto ambayo wengine wanaiona kwa mbali na kujua kuwa mwenyewe yupo.

Kipande kile kimebaki juu ya meko mwaka mzima. Kipya nimekwisha kukiandaa, nimekifunga kwenye gazeti, na kipo karibu na mlango pamoja na chumvi.