Laptopu haiwaki, mafaili bado yapo

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta, mteja akikuwekea mezani laptopu isiyowaka, usianze kwa kuuliza kama ilianguka wala ina miaka mingapi. Muulize ndani kuna nini, na kati ya vilivyomo, kipi hawezi kukipata mahali pengine popote. Nasema hivi kwa sababu nimeona mafaili mengi yakipotea mikononi mwetu mafundi. Mara nyingi laptopu imegoma lakini diski yake, inayohifadhi mafaili, ni nzima kabisa, kisha anatokea mtu mwenye haraka ya kupiga Windows, yaani kuiweka upya, anaifuta.

Desemba moja alikuja mama mmoja, katibu wa kikoba cha mtaani kwao. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na laptopu haikuwaka tena. Ndani kulikuwa na faili moja la Excel lenye hisa, mikopo, marejesho na faini za wanachama wote kwa mwaka mzima, na kikoba kilikuwa kinavunjwa Jumamosi. Daftari lilikuwepo, ila liliishia Juni. Fundi wa kwanza alishamwambia kwamba mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imeungua na anunue laptopu nyingine. Habari ya mafaili hakuigusa kabisa. Mama alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayepanga namna ya kuwaeleza wenzake.

Nilimpa kiti, nikamwambia: "Mama, mashine inaweza kuwa imekufa na kazi yako ikawa salama. Nipe saa moja."

Kabla ya kugusa diski kuna mambo machache ya kupitia, na hayachukui hata robo saa. Pima chaja kwa multimita, kile kipimo cha umeme; nyingi za laptopu hutoa volti 19 hadi 20, na ukikuta sifuri, kazi imeisha hapo. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake ujaribu. Toa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, safisha pini zake, rudisha kipande kimoja kimoja. Feni ikizunguka na taa zikiwaka lakini kioo ni cheusi, chomeka waya wa HDMI kwenye runinga. Nimeshawahi kuona mtu ameambiwa anunue laptopu mpya kumbe kilichokufa ni kioo tu, na mafaili yake yote tukayanakili kwa flashi huku tukiangalia runinga. Lakini kama imemwagikiwa chai au soda, usijaribu kuiwasha hata mara moja. Chomoa chaja na betri, fungua, kausha. Umeme ukipita kwenye bodi yenye maji ndipo unapounguza vile vilivyokuwa vimepona.

Ya yule mama haikuitikia lolote. Nikageuza, nikatoa skrubu, nikachomoa waya wa betri kwanza, kisha diski. Ilikuwa ya inchi 2.5, yenye kiunganishi cha aina ya SATA, chenye pini 7 za data na 15 za umeme. Mpangilio huo ni mmoja kwa chapa zote, ndiyo maana diski iliyotoka kwenye laptopu iliyokufa inasomeka kwenye kompyuta nyingine yoyote kwa waya wa SATA kwenda USB. Waya huo uwe kitu chako cha kwanza kununua baada ya bisibisi.

Ukishachomeka, usiguse kipanya. Sikiliza. Diski nzima inaanza kuzunguka kwa mlio laini kisha inatulia. Ya mama ilitulia. Nikafungua folda ya Users, nikabonyeza jina lake, Windows ikasema sina ruhusa ya kuingia. Hilo lisikutishe: folda ni ya mtumiaji wa kompyuta nyingine, ukikubali kuendelea inakufungulia. Kuna ujumbe mwingine ndio wa kuogopa, ule unaosema diski inabidi ifomatiwe kabla ya kutumika. Kitufe cha kukubali kimewekwa karibu kabisa na kidole chako. Funga kidirisha hicho. Kompyuta haijasema diski ni tupu. Imesema tu kwamba haielewi ilichokiona, na sababu inaweza kuwa jedwali la mafaili lililoharibika, au diski iliyofomatiwa kwa mfumo mwingine kama Linux au Mac.

Laptopu za siku hizi nyingi hazina diski ya inchi 2.5. Utakuta kipande chembamba cha M.2, upana milimita 22 na urefu mara nyingi 80, kimefungwa kwa skrubu moja. Hapa wanafunzi wangu wengi hukwama: M.2 ni umbo tu. Ndani inaweza kuwa SATA au NVMe, njia mbili tofauti za kupitisha data, na kesi ya USB, yaani kasha la kuchomekea diski, ya aina moja haisomi nyingine. Usipoona diski usikimbilie kusema imekufa, soma kwanza maandishi yaliyo juu yake. Mimi nina kesi inayosoma zote mbili, na imeniokoa mara nyingi.

Kuna nyingine hazina cha kuchomoa. Laptopu ndogo za bei nafuu zenye GB 32 au 64 mara nyingi zina kumbukumbu ya kuhifadhia mafaili iliyochomelewa kwenye bodi. MacBook zenye chipu ya usalama ya T2, zilizoanza kutoka 2018, na za chipu ya M1 zilizofuata 2020, data yake imefungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo hata ukibandua kumbukumbu unapata takataka. Huko njia ni moja, bodi yenyewe itengenezwe mpaka iwake. Kama huna mkono wa kazi hiyo, mwambie mteja hivyo na umpeleke kwa anayeiweza. Ukweli huo unamsaidia kuliko wiki mbili za "njoo kesho".

Halafu kuna BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski kwa ufunguo. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe pale mwenye laptopu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, naye hana habari. Ukihamishia diski kwenye kompyuta nyingine inadai ufunguo wa tarakimu 48. Paswedi yake ya kila siku haifanyi kazi hapo. Usibahatishe. Mkalishe mteja, afungue akaunti yake ya Microsoft kwenye simu. Ufunguo mara nyingi umehifadhiwa huko, na herufi 8 za mwanzo za kitambulisho unachokiona kwenye diski lazima zilingane na zile za kwenye akaunti. Kama laptopu ilikuwa ya ofisini, ufunguo unaweza kuwa kwa watu wao wa TEHAMA. Ukikosekana kote, na bodi haiwezi kuwashwa tena, hakuna fundi wa kuifungua. Anayedai ana programu ya kuvunja BitLocker anamlia mtu pesa.

Sasa niwaeleze lililoniuma. Miaka yangu ya mwanzo niliachiwa diski ya mpiga picha za harusi. Ilikuwa inagonga: tak, tak, kimya, tak, tak. Ilionekana kwenye kompyuta, na folda zikafunguka kwa kusuasua. Nilichagua diski nzima, nikabonyeza nakili, nikaenda kulala. Asubuhi haikuonekana tena kabisa, na nilichopata ni programu za kompyuta na miziki, kwa sababu herufi za folda hizo zilitangulia. Harusi iliyokuwa bado haijakabidhiwa ilikuwa mwishoni. Sikumuuliza mteja aanzie wapi. Nikimuuliza tu, ile nusu saa ya kwanza ingetosha.

Diski inayogonga ina vichwa vya kusomea vinavyopotea njia. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho, na vichwa vikigusa sahani zinazohifadhi data vinakwangua data yenyewe. Ukisikia mlio huo, zima. Kama picha au hesabu zile hazina mbadala, mteja aamue kabla hujaendelea, maana kazi ya kubadilisha vichwa inahitaji chumba kisicho na vumbi. Usifungue diski mezani. Usiiweke kwenye friza, hata kama umesikia hadithi za waliofanikiwa. Unyevu unaganda juu ya sahani.

Diski isiyogonga bali inasoma polepole na kukwama kila mara ina nafuu. Angalia taarifa zake za SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea. Sekta (vipande vidogo vya diski) zinazosubiri kuhamishwa zikiwa nyingi, usiendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwani itaisulubu diski na kuandika juu yake. Washa kompyuta kwa flashi ya Linux na tumia programu ya ddrescue. Inanakili diski nzima kuwa taswira, yaani nakala yake kamili, kwenye diski nyingine, inaruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni, tena inaweka kumbukumbu ya ilipofikia, hivyo umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Ila muwe makini sana na mpangilio wa amri: diski chanzo inatangulia, lengwa inafuata. Ukigeuza, umefuta kila kitu kwa mkono wako. Mimi nabandika karatasi kwenye diski ya mteja yenye maandishi CHANZO, na nasoma namba yake ya utambulisho (serial number) kwenye skrini kabla ya kubonyeza.

Kama tatizo ni mafaili yaliyofutwa au diski iliyofomatiwa na mtu mwingine, fanyia kazi ile taswira kwa TestDisk au PhotoRec, programu za kurudisha mafaili, zote za bure. PhotoRec hurudisha mafaili bila majina yake ya awali, kwa hiyo mwandae mteja kukutana na picha 4,000 zenye namba tupu. Kwenye SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, matumaini ni madogo, maana Windows huiambia diski iondoe kabisa kilichofutwa.

Nirudi kwa mama. Faili lilikuwa kwenye Desktop, jina lake "KIKOBA mpya mwisho 2", na pembeni yake kulikuwa na ndugu zake watatu wenye majina yanayofanana. Nilinakili folda yake yote kwenye diski yangu, kisha kwenye flashi mpya. Halafu nikafanya jambo ambalo wengi hulisahau: nililifungua mbele yake. Faili linaweza kuonekana, lina jina na ukubwa, na bado lisifunguke. Mama alisogea, akaweka kidole kwenye kioo, akashuka nacho mstari kwa mstari mpaka chini. "Huyu alirejesha Novemba," akasema, "ipo." Akakaa kimya kidogo, kisha akaomba maji.

Msipekue. Utakuta picha za watu, barua za hospitali, mikataba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika hapa Tanzania Mei 1, 2023, lakini hata bila sheria, mtu amekuachia nyumba yake wazi. Nenda kwenye folda alizokutajia, nakili, toka. Bei mkubaliane kabla hujafungua skrubu ya kwanza, na usishikilie mafaili ya mtu ili akuongezee pesa. Diski ya zamani irudi kwake, hata kama ni mbovu.

Nakala yangu huwa naiacha kwa siku chache endapo flashi itapotea, na mteja nampa taarifa kwamba nimeiacha. Jumatatu nilimpigia mama kumuuliza kama mafaili yanafunguka. Akasema kikoba kimeshavunjwa, na binti yake ameshajaza daftari kuanzia Julai hadi Desemba. Nikamwambia nafuta ya kwangu sasa hivi, naye akasubiri kwenye simu mpaka nikamwambia tayari.