Kabla hujalipia programu ya jarida, lisome kwanza kwenye simu

Mkuu umeuliza kwa jarida lenu la kila mwezi uchukue InDesign, ile programu ya Adobe ya kupanga kurasa, au hizi huduma za mtandaoni za kufunua kurasa, yaani msomaji anafunua jarida kwenye kioo kama la karatasi. Mi nimepanga majarida ya kidijitali miaka mingi na ningeanzia kwingine, wasomaji wako wanasomea wapi? Kama wengi ni simu basi hilo ndo linaamua karibu kila kitu.

Sisi tulianza na A4 ya safu tatu, kwenye kompyuta inapendeza kweli, sasa msomaji akifungua kwenye simu inabidi akuze maandishi, asogeze chini, apande tena juu atafute safu ya pili, kabla hajafika kashachoka kafunga. Hapo hakuna programu ya kukuokoa. Tukahamia ukurasa mwembamba wa safu moja, herufi kubwa, na makala ndefu tukawa tunazitoa pia kwa EPUB, faili la vitabu vya kidijitali, ile aina ambayo maandishi yanajipanga yenyewe kufuata kioo. Angalia vizuri hapo maana kuna EPUB nyingine kurasa zake zimegandishwa, hiyo kwenye simu haina tofauti kubwa na PDF.

InDesign inatoa zote, EPUB zote mbili na PDF, na kwa jarida la kurasa nyingi sijaona ya kuizidi, ila ni ya kulipia muda wote, ukiacha kulipa faili zako unazo lakini huzifungui. Kwa hiyo kila toleo likiisha hifadhi na nakala ya IDML, aina ya faili la InDesign ambalo programu nyingine za kupanga kurasa zinalisoma, Affinity inaifungua na Scribus mpya pia, japo mpangilio utayumba kidogo. Scribus ni ya bure kabisa, PDF zake safi, EPUB haitoi. Canva, ile ya kubuni kurasa mtandaoni, nimeitumia, kwa kurasa kumi zenye picha nyingi iko poa, ila kwenye jarida la kurasa 60 kila boksi la maandishi lilikuwa linajitegemea, nikikata sentensi ukurasa wa 5 naanza kusukuma maneno kwa mkono mpaka wa 9, usiku mzima.

Sasa hizo huduma za kufunua kurasa, hili linaniuma mpaka leo. Matoleo yetu ya mwanzo tuliyaweka kwenye huduma moja iliyokuwa inatumia Flash, programu ya Adobe ya kuchezesha vitu kwenye kivinjari. Adobe wakaacha kuihudumia Flash mwisho wa 2020, Januari 2021 wakazuia kabisa isicheze, na wale wenye huduma matoleo ya zamani hawakuyabadilisha. Faili za mwanzo hatukuwa nazo, aliyetupangia kurasa alishaondoka na laptopu yake. Matoleo kumi na moja yamepotea, humo kuna mahojiano na wazee ambao wengine washafariki, hatuwezi kuwauliza tena. Kwa hiyo huduma yoyote utakayochagua, siku ya kwanza tu jaribu kupakua kazi yako yote itoke, ikikataa au ikikupa vipicha vya kurasa badala ya maandishi achana nayo.

Picha za 300 dpi (nukta kwa kila inchi) ni za kuchapa, kwenye kioo 150 zinatosha na rangi iwe RGB, yaani rangi za kioo na si za wino, faili linapungua sana.

Halafu chukua makala yako ndefu kuliko zote, ipange kwenye programu mbili unazozifikiria, wape watu watano wenye simu za kawaida wasome, kaa pembeni yao usiseme kitu, uangalie wanakwama wapi.